Mhusika Kabla ya Tukio: Nini Huifanya Tamthiliya ya Uhalifu ya Runinga Istahili Kutazamwa?

Utangulizi

Bila shaka umewahi kutazama tamthiliya ya runinga yenye mauaji, polisi na mahakama. Pengine ulikaa mpaka mwisho ili umjue mwuaji, na ulipomjua ukazima runinga ukaenda kulala. Wiki moja baadaye ukiulizwa kisa kile kilihusu nini, huna la kusema zaidi ya "kuna mtu aliuawa". Lakini zipo tamthiliya nyingine ambazo hata ukitajiwa mwuaji tangu mwanzo, bado hutaki kunyanyuka. Kisa kinakwisha, na wahusika wake unabaki nao kichwani.

Tofauti ya tamthiliya hizo mbili iko wapi? Hilo ndilo swali la somo hili. Lengo si kukuita ukae mbele ya runinga wakati mtihani uko mlangoni. Lengo ni kukuonyesha jinsi mhusika anavyojengwa, kwa sababu hapo ndipo watahiniwa wengi wanapopoteza alama. Wakiulizwa kuhusu mhusika, wao husimulia hadithi. Ukielewa kwa nini tamthiliya fulani inakushika, utaelewa pia namna ya kumchambua mhusika katika riwaya na tamthiliya ulizosoma darasani.

Maana ya tamthiliya inayoongozwa na mhusika

Katika tamthiliya ya uhalifu inayoongozwa na tukio, kinachomvuta mtazamaji ni fumbo. Nani ameua? Fedha zimefichwa wapi? Wahusika wapo ili wabebe fumbo hilo. Ukimwondoa mpelelezi mmoja ukamweka mwingine, kisa hakibadiliki sana.

Katika ile inayoongozwa na mhusika, tukio linazaliwa na tabia za watu. Mtu anaua kwa sababu ya jinsi alivyo, anajificha kwa namna inayolingana na jinsi alivyo, na mara nyingi ananaswa kwa sababu hiyo hiyo. Hapa ukibadilisha mhusika, kisa chote kinavunjika. Hiki ndicho kipimo rahisi unachoweza kukitumia popote: mwondoe mhusika huyu, umweke mwingine mahali pake, kisha ujiulize kama kisa bado kinasimama.

Fasihi ya Kiswahili nayo inao mfano. Katika riwaya ya *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, upelelezi unafanywa na Bwana Msa, mvuta kiko mtulivu anayetegemea akili na udadisi kuliko nguvu. Wasomaji wengi husahau nani alifanya nini katika riwaya zake, lakini Bwana Msa wanamkumbuka.

Mfano wetu: Columbo

Mfano tutakaoutumia zaidi ni *Columbo*, tamthiliya ya Marekani iliyobuniwa na Richard Levinson na William Link. Peter Falk aliigiza uhusika wa Luteni Columbo, mpelelezi wa mauaji katika jiji la Los Angeles, kwa mara ya kwanza katika filamu ya runinga ya mwaka 1968. Mfululizo wenyewe ulianza mwaka 1971 katika kituo cha NBC na kuendelea hadi 1978. Baadaye ulirudi katika kituo cha ABC kuanzia mwaka 1989, na kisa cha mwisho kilirushwa mwaka 2003. Kwa jumla kuna visa 69, na Falk alishinda tuzo ya Emmy mara 4 kwa uhusika huo.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni muundo. Karibu kila kisa cha *Columbo* huanza kwa kutuonyesha mauaji yenyewe. Tunamwona mwuaji, tunaona njia aliyotumia, na tunaona jinsi anavyotengeneza uongo wake. Mpelelezi huingia baadaye. Kwa hiyo swali la "nani ameua?" limeondolewa kabisa. Badala yake tunabaki na maswali mawili: atanaswa vipi, na mtu kama huyu amefikaje hapa?

Uamuzi huo ni wa hatari kwa mwandishi. Akishaondoa fumbo, hana kingine cha kumshika mtazamaji isipokuwa watu. Taharuki yote inategemea mazungumzo ya watu wawili, mmoja anayejua ukweli na mwingine anayeukaribia hatua kwa hatua. Kama watu hao hawana uhai, mtazamaji ataondoka.

Mambo yanayoipa tamthiliya ya namna hii thamani

(a) Kosa linatokana na tabia ya mhusika

Chukua kisa cha *Murder by the Book*, kilichorushwa Septemba 1971 na kuongozwa na Steven Spielberg alipokuwa bado kijana. Waandishi wawili wa riwaya za upelelezi, Ken Franklin na Jim Ferris, wamepata umaarufu pamoja. Lakini ukweli ni kwamba Jim ndiye anayeandika. Ken ni mchangamfu, mzuri wa maneno mbele ya watu, naye huishi kwa jasho la mwenzake. Jim anapoamua kuandika peke yake, Ken anamwua.

Kijuujuu sababu ni fedha, kwa kuwa kuna bima ya maisha. Lakini chini yake kuna jambo zito zaidi. Jim akiondoka, dunia itagundua kwamba Ken hawezi kuandika. Anachokilinda ni sura yake mbele ya watu. Hapo kosa limetoka ndani ya mtu, nasi tunaelewa kwa nini lilitokea, ingawa hatukubaliani nalo.

Angalia pia jinsi tabia inavyomsaliti. Ken anadai ameukuta mwili wa rafiki yake mbele ya nyumba yake mwenyewe. Columbo anagundua kwamba baada ya kuukuta mwili huo, Ken alifungua barua zake za siku hiyo. Je, mtu aliyefiwa na rafiki hufanya hivyo? Barua zile si damu wala alama za vidole, lakini zinatuambia kwamba Ken hana uchungu. Dalili hiyo ya tabia ndiyo inayomfanya mpelelezi aendelee kuchimba.

(b) Sifa za mpelelezi zinafanya kazi ndani ya kisa

Columbo huvaa koti la mvua lililokunjamana, ambalo Falk alilitoa katika nguo zake mwenyewe. Huendesha gari kuukuu aina ya Peugeot 403, huvuta sigara nene, na humtaja mke wake kila mara ingawa katika mfululizo huu mke huyo haonekani. Huuliza maswali yanayoonekana ya kijinga. Huaga, hufika mlangoni, kisha hurudi na swali moja zaidi, na swali hilo ndilo lenye sumu.

Mwanafunzi asiye makini ataandika: "Columbo ni mchafu na msahaulifu." Huo si uchambuzi. Jiulize sifa hizo zinafanya kazi gani. Wauaji katika tamthiliya hii kwa kawaida ni matajiri, wasomi au watu mashuhuri. Wanamwona mtu wa koti kuukuu na kuamua kwamba hana akili. Kwa dharau hiyo wanasema zaidi ya walivyopaswa kusema. Kwa hiyo koti lile ni chombo cha upelelezi. Linafichua dharau ya wengine, na kupitia dharau hiyo mwandishi anazungumzia matabaka: mwenye nacho anayeamini kwamba sheria inatungwa kwa ajili ya watu wa chini, na mfanyakazi wa serikali anayemkumbusha kwamba sivyo.

Wabunifu wa tamthiliya hii walieleza kwamba walimchota Columbo kwa sehemu kutoka kwa Porfiry Petrovich, mpelelezi katika riwaya ya Mrusi Fyodor Dostoevsky ya mwaka 1866 inayohusu uhalifu na adhabu yake. Porfiry naye hutumia mazungumzo kumzunguka mtuhumiwa mpaka nafsi ya mtuhumiwa yenyewe ikachoka.

(c) Ushahidi unatoka katika nafsi ya mhusika

Hapa ndipo tamthiliya nzuri inapoipita ya kawaida. Katika kisa cha *Any Old Port in a Storm*, cha mwaka 1973, Adrian Carsini ni mtengenezaji wa mvinyo. Amejitoa maisha yake yote kwa kazi hiyo, ingawa shamba na kiwanda ni mali ya ndugu yake wa baba, Ric. Ric hajali mvinyo na anataka kuuza kila kitu. Adrian anampiga kichwani kwa hasira, kisha anamfunga ndani ya ghala la mvinyo, anazima kiyoyozi na kusafiri kwenda New York. Ric anakosa hewa na kufa. Baadaye Adrian anaufanya mwili uonekane kama wa mtu aliyekufa akipiga mbizi baharini.

Siku hizo hali ya hewa ilikuwa ya joto kali mno. Kiyoyozi kilipozimwa, joto lile liliharibu mvinyo wote uliokuwa ghalani, na Adrian mwenyewe hakujua. Columbo anajifunza habari za mvinyo, anachukua chupa moja kutoka katika ghala hilo, na kupanga Adrian aandaliwe chupa hiyo hotelini bila kujua imetoka wapi. Adrian anaionja na papo hapo anakasirika: mvinyo umeharibiwa na joto! Kwa maneno hayo amejishtaki mwenyewe. Ameeleza kwa kinywa chake kwamba ghala lake lilipata joto, na ghala hilo lisingepata joto kama kiyoyozi hakikuzimwa.

Sasa tumia kile kipimo chetu. Mweke mtu mwingine mahali pa Adrian, asiyejua mvinyo. Angekunywa na kunyamaza, na mtego usingenasa. Mtego umenasa kwa sababu Adrian ni Adrian. Kile anachokipenda kuliko kitu chochote ndicho kilichomfanya aue, na ndicho kilichomfunga. Kisa na mhusika vimekuwa kitu kimoja.

(d) Mhalifu anabaki kuwa binadamu

Tamthiliya dhaifu humpa mhalifu uovu tu, kama jini la hadithi. Mtazamaji anamchukia, basi. Tamthiliya nzuri hufanya jambo gumu zaidi: inakuonyesha mtu unayeweza kumwonea huruma, halafu inakataa kumsamehe kosa lake. Mwishoni mwa kisa cha Adrian, Columbo anasimamisha gari, na wawili hao wanakunywa mvinyo pamoja kabla ya safari ya kituoni. Columbo anamheshimu mtu aliyeijua kazi yake vizuri. Lakini safari ya kituoni haifutwi. Huruma ipo na sheria ipo.

Hili ni jambo la kulitafakari hata nje ya mtihani. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba watenda maovu ni watu wa aina nyingine, wasiofanana nasi. Ken alianza na kitu kidogo: kukubali sifa ya kazi asiyoifanya. Adrian alianza na kitu kizuri: kuipenda kazi yake. Mwandishi anatuonyesha njia nzima, kutoka jambo la kawaida hadi mauaji, ili tujue njia hiyo inapitia wapi.

(e) Madhara ya kosa yanaonekana kwa watu wengine

Katika kipengele hiki *Columbo* haikujikita sana, hivyo tutazame mfano wa pili: *Broadchurch*, tamthiliya ya Uingereza iliyoandikwa na Chris Chibnall na kurushwa na kituo cha ITV mwaka 2013. Msimu wa kwanza una sehemu 8. Mvulana wa miaka 11, Danny Latimer, anakutwa amekufa ufukweni katika mji mdogo wa pwani. Wapelelezi ni Alec Hardy, mgeni katika mji huo, na Ellie Miller, mwenyeji ambaye mtoto wake alikuwa rafiki wa Danny.

Hapa muundo ni kinyume cha *Columbo*, maana mwuaji amefichwa mpaka mwisho. Hata hivyo tamthiliya inaongozwa na wahusika, kwa sababu muda mwingi hautumiki kufukuza mwuaji. Unatumika kuonyesha wazazi wasiojua walale vipi katika nyumba isiyo na mtoto wao, na majirani wanaoanza kutazamana kwa shaka. Na mwuaji anapojulikana, ni mume wa Ellie mwenyewe. Mwanamke aliyekuwa akiwauliza wengine iweje hawakujua yanayotendeka ndani ya nyumba zao, sasa swali hilo linamgeukia yeye. Jibu la fumbo linauma kwa sababu limemwangukia mtu tuliyekwisha kumfahamu.

Aina za wahusika: tahadhari

Umefundishwa kwamba kuna mhusika bapa, asiyebadilika, na mhusika duara, anayebadilika na mwenye sura nyingi. Watahiniwa wengi hudhani kuitwa "bapa" ni kasoro. Sivyo. Columbo habadiliki tangu mwanzo wa kisa hadi mwisho, kwa hiyo kwa kigezo hicho yuko karibu na ubapa. Kutobadilika kwake kuna kazi: yeye ni kama ukuta ambao mwuaji anaugonga mpaka anavunjika. Anayebadilika ni mwuaji, anayeanza na majivuno na kumaliza akiwa mtupu. Ellie Miller, kwa upande wake, ni mhusika duara, kwa kuwa anaanza akiwaamini watu wote wa mji wake na kumaliza akiwa amepoteza imani hiyo.

Kwa hiyo ukiulizwa aina ya mhusika, usiishie kutaja jina la aina. Eleza kwa nini mwandishi amemjenga hivyo.

Jinsi ya kutumia maarifa haya katika mtihani

Zingatia kwamba katika mtihani utatoa mifano kutoka vitabu ulivyosoma, si kutoka runingani. Tunachokichukua hapa ni njia ya kufikiri. Tuseme umeulizwa: "Eleza jinsi mwandishi alivyomtumia mhusika mkuu kujenga dhamira." Linganisha majibu haya mawili, yote yakimhusu Adrian.

*Jibu dhaifu:* "Adrian alikuwa na ndugu yake. Ndugu yake akataka kuuza shamba. Adrian akampiga, akamfungia ghalani, akaenda New York. Akafa. Kisha polisi wakamkamata."

*Jibu zuri:* "Adrian ni mtu aliyetawaliwa na mapenzi ya kazi yake. Hili linaonekana anapomwua ndugu yake ili shamba la mvinyo lisiuzwe, na pia anaposhindwa kunyamaza baada ya kuonja mvinyo ulioharibika. Kupitia mhusika huyu mwandishi anajenga dhamira kwamba kitu chema kikipendwa kupita kiasi humfanya mtu asahau thamani ya uhai wa mwenzake."

Jibu la kwanza lina sentensi nyingi lakini halijajibu swali. La pili limefuata hatua nne, nazo zikariri:

1. Taja sifa ya mhusika kwa neno au kirai kilicho wazi.
2. Toa tendo au kauli inayothibitisha sifa hiyo.
3. Eleza sababu au matokeo ya tendo hilo katika kisa.
4. Unganisha na dhamira au ujumbe wa mwandishi.

Ukikosa hatua ya pili, umetoa dai bila ushahidi. Ukikosa hatua ya nne, umebaki msimulizi. Fanya kama mpelelezi mwenyewe: usimhukumu mhusika kwa sura yake, bali kwa yale aliyoyatenda na kuyasema.

Muhtasari

Tamthiliya ya uhalifu inastahili kutazamwa pale ambapo kosa linatokana na tabia, sifa za mpelelezi zina kazi, ushahidi unatoka katika nafsi ya mhusika, mhalifu anabaki binadamu, na madhara ya kosa yanaonekana kwa wanaobaki. Fumbo peke yake huisha likishafumbuliwa. Mtu aliyejengwa vizuri huendelea kukufikirisha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia mfano mmoja, tofautisha tamthiliya inayoongozwa na tukio na ile inayoongozwa na mhusika.
2. "Mavazi ya mhusika yanaweza kubeba dhamira." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea mhusika mmoja katika tamthiliya uliyosoma.
3. Chagua mhusika mwovu katika riwaya uliyosoma. Je, mwandishi amemfanya binadamu au amemfanya jini? Toa hoja tatu.
4. Eleza jinsi muundo wa kuanza na mwisho wa kisa unavyoathiri taharuki.
5. Mwondoe mhusika mkuu katika mojawapo ya vitabu ulivyosoma, umweke mhusika mwingine wa kitabu hicho hicho mahali pake. Kisa kingebadilika vipi? Jibu lako linakuambia nini kuhusu ufundi wa mwandishi?